Kitasa cha Upande Mmoja

Mimi vikao sivipendi. Ukiona chupa za maji zimepangwa mezani na kila mtu amekaa wima kama anapigwa picha ya pasi, jua kuna mtu anachinjwa siku hiyo. Jumatano ile aliyekuwa anachinjwa ni Kimya, na chupa yake hakuigusa.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho tu. Karakana nzima tunamwita Kimya, kwa sababu ni fundi vitasa anayefanya kazi kama mtu aliye kwenye sala. Akiinamia mlango uliogoma, akasikia kitasa kinakaribia kuachia, hugonga ubao kwa kidole mara mbili, polepole. Maana yake sote tunaijua: nyamazeni, niachieni mimi. Hata bosi akiwa katikati ya kufoka hukatiza.

Bosi ni mama mmoja wa mwili, wa sauti, na wa miguu mikubwa kuliko ya madereva wake. Alianza na tupa moja na kisanduku cha funguo mbovu kwenye kibanda cha mabati; leo ana duka mbele, karakana nyuma na ofisi ghorofani. Tunamwita Mama Funguo, naye anapenda. Kushoto kwake alikaa Afisa Utumishi, kijana mwenye tai, tuliyembatiza Kanuni kwa sababu hata ukimsalimia anatafuta kifungu cha kukujibia. Kanuni ndiye aliyempa dereva wetu onyo kwa kupigana kwenye harusi ya binamu yake, eti alirusha ngumi akiwa amevaa fulana ya kampuni. Kwa Kanuni kazi haiishi ukitoka getini. Inakufuata hadi kitandani.

Mimi nauza kaunta na kuchonga funguo. Kwenye kamati ya nidhamu niliingizwa na wenzangu niwe mtetezi wao. Walisema wamenichagua kwa kuwa mdomo wangu hauna komeo.

Mtu wa tano alikuwa mlalamikaji. Huyo nitamwita Mwenye Maghorofa, maana ndivyo alivyokuwa akijitambulisha hata kabla hujamuuliza. Majengo yake mapya, milango yake yote tulikuwa tunaifunga vitasa sisi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini mwaka huo. Halafu alikuwa shemeji yake Kimya. Amemwoa mdogo wake wa kike.

Kanuni alikohoa, akasoma. Kwamba Jumapili, siku ya mapumziko, fundi alionekana akifungua mlango wa nyumba ya mlalamikaji bila ruhusa ya mwenye nyumba. Kwamba kuna picha iliyopigwa na jirani kwa simu. Akaizungusha simu mezani tuione: Kimya ameinama mlangoni, mkoba wa vifaa begani, jua linamwakia mgongoni.

"Kanuni ya saba," Kanuni akaendelea, na hapo sauti yake ikanenepa. "Mfanyakazi atakayetumia ujuzi wa kazi hii kufungua mlango asioitiwa, hata nje ya saa za kazi, hata kwa ndugu yake wa damu, ataachishwa kazi."

Siwezi kuisema vibaya kanuni hiyo. Mama Funguo aliitunga mwenyewe baada ya fundi wake mmoja kugeuka mwizi wa usiku, wateja wakatukimbia kama tuna ukoma. Nani atamwingiza nyumbani mtu anayejua kufungua kila kitu, kama hana hakika kwamba mtu huyo hafungui ovyo? Kanuni ni nzuri. Iliyonitoa jasho ni mikono iliyokuwa imeishika siku ile.

Kwa sababu mimi nilikuwa najua alichofuata Kimya ndani ya ile nyumba. Kilikuwa kwangu, kimelala kwenye kochi langu.

Jumapili hiyo hiyo, mchana kweupe, nilisikia hodi. Nikafungua, nikamkuta Kimya na nyuma yake mdogo wake, peku, shuka la kitanda begani. Mke wa mtu mwenye maghorofa, anapanda ngazi zangu za saruji peku! Kimya akasema maneno mawili tu: "Dada, msitiri." Nikasogea mlangoni, wakapita.

Jioni, chai ilipompoza, dada wa watu akanieleza. Tangu mwezi uanze mumewe akitoka anamfungia chumbani hadi arudi. Dirishani kuna nondo. Simu inalia sebuleni, anajua ni kaka yake, hawezi kuifikia. Mara mbili huko nyuma aliwahi kukimbilia kwa baba zake wadogo, na mara mbili walimrudisha kwa mumewe na wosia kwamba ndoa ni uvumilivu. Ndiyo maana safari hii alimwapisha kaka yake asimwambie mtu yeyote alipo, si shangazi, si mjomba, mpaka Jumamosi, siku ambayo rafiki yake wa shule angekuja kumchukua ampeleke mji mwingine.

"Akijua nilipo kabla ya hapo," aliniambia, "hataishia kunifungia."

Kwa Kimya asingeweza kukaa, maana huko ndiko mumewe alikokwenda kwanza. Aliinua hadi magodoro. Polisi mume huyo hakwenda, angekwenda angeulizwa mlango wa chumbani ulifungiwa nani. Akaona njia fupi ni kuja kwetu kazini, kwenye riziki ya mtu.

"Ushahidi mwingine huu hapa," Mwenye Maghorofa akasema. Akafungua gazeti alilolikunja na kuweka kitasa mezani. "Nimekitoa mwenyewe. Muone alivyokichokoa."

Mama Funguo alikichukua. Tulikiangalia sote, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kuelezwa, hata Kanuni, ambaye tangu aajiriwe anakula kwa vitasa. Upande mmoja kilikuwa na tundu la ufunguo. Upande wa pili bati tupu. Hicho huwa tunakiuza kwa ajili ya stoo za mizigo. Ukifungiwa ndani na kitasa hicho, hata ukiwa na ufunguo mkononi huna pa kuuchomeka.

Bosi alikigeuza, akakigeuza tena, kidole gumba chake kikipapasa lile bati.

"Kilikuwa mlango gani?"

"Wa nyumbani kwangu."

"Nyumba ina milango mingi, bwana."

"Chumbani," akasema. Kisha haraka, "Ndimo ninamoweka vitu vya thamani."

"Na kimepotea nini?"

Alimgeukia Kimya, akalainisha uso kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa.

"Mama, mimi si mtu mbaya. Huyu ni shemeji yangu, tumekula sahani moja. Kwa nini nimwagie mchanga kitumbua chake? Aseme tu alichochukua amekipeleka wapi. Aninong'oneze hapa sikioni, basi. Malalamiko nayafuta sasa hivi, na kesho anaendelea na milango yangu kama kawaida. Shemeji, si ndugu sisi?"

Alichochukua. Amekipeleka. Alikuwa anamsema mkewe kama anaulizia redio.

"Kimya, umesikia," Mama Funguo akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitasa. "Kazi yako iko mdomoni mwako."

Kimya ana watoto watatu, mke anayeshona vitambaa vya meza, na mama mkwe anayekula dawa za kila siku. Kazi nyingine hajui. Alijiinamia, akaangalia mikono yake. Feni ya darini ilikuwa inapiga kelele ya bawaba kavu, na katika duka la vitasa hakuna aliyewahi kukumbuka kuipaka mafuta.

Mwenye Maghorofa hakuwa na haraka. Aliegemea kiti, akanyoosha miguu, akaanza kutuangalia mmoja mmoja. Macho yake yalipofika kwangu yakashuka hadi sakafuni, yakakaa hapo.

Asubuhi ile nikija kazini nilipita sokoni kumnunulia mgeni wangu viatu vya wazi, maana hakuwa na cha kuvaa. Nilichelewa, nikaingia kikaoni moja kwa moja, na mfuko niliuweka chini ya kiti. Ulikuwa mfuko mwembamba wa plastiki, na vile viatu vilionekana kama samaki ndani ya maji. Vyekundu. Vidogo. Mdogo wake Kimya ana mguu wa mtoto wa shule, na mwanamume aliyeishi naye miaka yote hiyo anaujua mguu huo.

"Umenunua viatu, dada," akasema.

"Ndiyo."

"Vizuri. Ni vyako?"

Kila aliyenitazama miguu anajua kwamba mimi sikanyagi chini, natandaza. "Vya binti yangu," nikasema.

Na Kanuni, Mungu amsamehe, mimi bado, akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. "Kwani wewe una binti? Kwenye faili lako hakuna mtegemezi."

Mwenye Maghorofa hakuniondolea macho. Alianza kutabasamu kidogo kidogo, upande mmoja wa mdomo. Kimya naye aliinua kichwa, akaniangalia, na nikaona kwamba uso wake umebadilika rangi.

"Ni vyangu," Mama Funguo akasema. "Nilimtuma."

"Vyako?" Mwenye Maghorofa akacheka kidogo. "Vidogo hivi?"

"Kaka, mguu wangu unautafutia nini chini ya meza? Marehemu mume wangu hakuwahi kuulalamikia." Akakiweka kitasa mezani kwa kishindo. "Na wewe," akanigeukia, "nikikutuma kitu cha siri unakiweka mbele za watu, kisha unasingizia watoto usio nao. Pumbavu."

Kanuni alicheka hadi akajifuta machozi. Nilisikia miguu ya bosi inasogea chini ya meza, inajikunja nyuma, inajificha chini ya kiti chake. Hakuniangalia tena.

Mwenye Maghorofa alirudi kwa Kimya, lakini utamu wa sauti ulikuwa umeisha. "Nangoja, shemeji. Wanao wanakula wapi mwezi ujao?"

Hapo mimi nikashindwa. Najijua. Nikikasirika, maneno hayaniombi ruhusa. Nilitaka kukishika kile kitasa nimtupie kifuani, nimuulize kama kitu cha thamani alichokifungia kilikuwa kinalia au hakilii. Nikasimama nusu.

"We mzee, hebu tuambie hicho kitasa ulichokifunga—"

Tok, tok.

Kidole cha Kimya juu ya meza. Mara mbili, polepole.

Mdomo wangu ulijifunga wenyewe. Miaka yote ya karakana ilinikalisha chini. Kama ningemaliza sentensi ile, ningekuwa nimekwisha kusema kwamba najua, na anayejua hilo ndiye anayejua mkewe alipo.

Kimya akavuta pumzi, akazungumza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Picha ni yangu. Mlango nimefungua mimi. Mwenye nyumba hakuniita. Kanuni ya saba naijua, niachisheni kazi."

"Hapana, hapana," Mwenye Maghorofa akaruka. "Subirini kwanza. Mimi sijasema afukuzwe. Nimesema aseme."

"Mimi sina la kusema."

"Mama, mpe muda! Mpe wiki. Nitakuja kila siku, tutaongea naye taratibu mpaka akili imrudie."

Kila siku. Nilimwona Mama Funguo akilipokea neno hilo na kulipima. Na mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, nikaelewa fundi wetu anachokoa nini. Mtu huyu alikuwa ameshika uzi mmoja tu wa kumvutia Kimya, nao ni kazi. Kazi ikikatika, anabaki na uzi mkononi.

"Mlalamikaji," Kanuni akasema, amejaa kama puto, "kwa heshima zote, mkosaji amekiri. Kanuni ya saba haina ngoja ngoja. Malalamiko yakishasomwa kikaoni hayafutwi. Maoni yangu: aachishwe." Sijawahi kumpenda Kanuni kama dakika ile, na yeye hadi leo hajui kwa nini.

"Mwakilishi wa wafanyakazi?" bosi akaniuliza.

Mimi ni mtetezi. Nilichaguliwa kwa kunyoosha mikono, karakana nzima, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Kimya. Nilimtazama. Alikuwa ameangalia mezani, kidole bado kiko pale kilipogonga.

"Aachishwe," nikasema.

Neno lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Mama Funguo akapiga meza kwa kiganja. "Basi. Kuanzia sasa hivi si mfanyakazi wetu. Bwana, umepata haki yako."

"Mimi sikutaka hivi!"

"Ulitaka vipi?"

Alifungua mdomo. Alituangalia, Kanuni na kalamu yake, mimi, bosi, Kimya aliyekuwa ameshaanza kuvua ovaroli. Alilokuwa analitaka halikuwa jambo la kusemwa mbele za watu. Alinyoosha mkono achukue kitasa chake, na mkono mzito wa Mama Funguo ukatua juu yake kwanza.

"Ushahidi unabaki ofisini."

Mwenye Maghorofa aliondoka akibamiza mlango. Kwa kawaida mama yule humsindikiza mteja hadi garini, hata aliyenunua kufuli moja. Siku hiyo hakunyanyuka, miguu yake ikabaki nyuma ya kiti hadi mlio wa gari ulipopotea barabarani. Kisha akamtuma Kanuni chini akachape barua.

Tulipobaki watatu nikafoka. "Mama, kesho unamrudisha, sivyo?"

"Simrudishi."

"Umekiona kile kitasa!"

"Nimekiona. Nikimrudisha kesho, keshokutwa yule mtu yuko hapa na chambo chake kile kile. Na kanuni nimeitunga mimi. Leo nikiipinda kwa mtu mwema, kesho itapindika kwa mwizi."

"Na milango ya maghorofa yake?"

"Tutaimalizia." Aliangalia dirishani. "Mishahara yenu inatoka huko. Yako pia."

Nilimchukia. Nasema wazi, maana nilimchukia kweli, na alijua, na hakunikemea. Kimya alikuwa anakunja ovaroli yake vizuri, mikono ndani, kola juu, kama nguo ya maiti. Akaweka na mkoba wa vifaa juu yake.

"Mlango wa kwako una kitasa gani?" bosi akaniuliza ghafla.

"Cha zamani. Ukikipiga teke kinaomba radhi."

Alikwenda kwenye kabati la nyuma yake, lile la vitu tunavyoyauzia mabenki, akarudi na boksi. Akalisukuma mbele yangu. Ndani kulikuwa na kitasa cha makomeo matatu, kizito kama jiwe la kusagia, na upande wa ndani kirungu cha kuzungusha kwa vidole. Kwa nje hakiingiliki. Kwa ndani mtoto anafungua.

"Fundi wa kukifunga sina," akasema, akimwangalia Kimya. "Wangu nimemfukuza sasa hivi. Ila mtu asiye wangu, akifanya kazi nje huko, kanuni zangu hazimhusu. Na wewe chukua viatu vyangu uondoke navyo, vinanibana."

Tulishuka ngazi. Habari za kufukuzwa hazina miguu lakini hutangulia. Karakana nzima ilikuwa imeshasimamisha mashine. Walimpa Kimya mikono, mmoja mmoja. Mimi hawakunipa. Mzee wa tupa, ambaye kila asubuhi tunakunywa chai kikombe kimoja, alinigeuzia mgongo. "Tulikuchagua kwa mdomo wako," dereva akasema, yule wa harusi. "Kumbe unatung'ata sisi wenyewe." Akatema mate chini, karibu na mfuko wangu.

Ningeweza kusema neno moja wakanielewa. Lakini hapo kuna wanaokunywa pamoja na walinzi wa maghorofa, na Jumamosi ilikuwa bado mbali. Nikapita. Nililia njiani, si kidogo, na Kimya akatembea upande wa barabara ili watu wasinione.

Kwangu alifanya kazi kwa bisibisi ya jikoni na nyundo ya kuazima kwa jirani, maana vifaa vyake vilikuwa mezani kwa bosi. Mdogo wake alikaa kwenye kochi, viatu vyekundu miguuni, akifuata kila skrubu kwa macho. Hakuuliza kuhusu kazi. Alipoona kaka yake amerudi mchana bila ovaroli alijifunika uso kwa viganja, akasema, "Watoto wako, kaka." Kimya akamjibu kwamba watoto wake wanapenda shangazi yao akiwa hai.

Alipomaliza akanivuta mkono tukatoka nje kwenye korido. Dada akabaki ndani. Kimya akauvuta mlango. Makomeo yote matatu yakaingia kwa mpigo, na ile sauti ikanishtua mifupa.

"Jaribu," Kimya akasema, mdomo karibu na ubao.

Hapakusikika kitu. Tulisubiri. Nilijua amesimama pale, upande wa pili wa mlango uliofungwa, kwa mara nyingine tena, na nikaona tumefanya kosa, tumemfungia mtu aliyetoka kufungiwa. Nikanyanyua mkono kubisha. Kimya akaushika.

Ndipo kirungu kikazunguka. Mlango ukafunguka, akatuangalia, uso umelowa. Hakutoka. Alifunga tena. Akafungua. Akafunga, akafungua, haraka zaidi kila mara, kama mtu anayekunywa maji baada ya kiu ndefu.

Kimya alikaa kwenye ngazi, akageukia ukuta, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo. Jirani alichungulia kuuliza kelele gani hizo za mlango. Nikamwambia tunajaribu kitasa kipya. Dada akafungua tena, akafunga tena, na hatukumwambia aache.